Habari za Magoti

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, na mlima Kilimanjaro nimeuona kwenye chupa ya maji. Nalisema hili mapema kwa sababu kila Mwingereza nikimwambia natoka Tanzania hunitajia mlima, kisha huniuliza kama nimeupanda. Huwa namjibu kwamba kwetu kinachopandwa ni minazi, tena si na wanawake. Theluji niliyoijua mimi ni ya London, ile inayoanguka asubuhi moja ya mwaka, ikasimamisha mabasi, na ikifika jioni imekuwa tope la rangi ya chai.

Kwa hiyo siku binti yangu, mtoto wangu wa pekee, niliyemzaa hapa na kumlea Hounslow ndege zikipita juu ya paa, aliponiambia anaacha kazi ya ofisi ili awe mwalimu wa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, nilimjibu neno moja.

"Sawa."

"Just sawa?" akauliza.

"Sawa. Maisha ni yako."

Nikaendelea kukata vitunguu. Ninavyojijua, ningeongeza neno la pili ningeyasema yote, na yote hayakuwa mazuri. Mtu hamsomeshi mwanawe mpaka chuo kikuu ili akafundishe watu kuanguka.

Lakini kusema kweli, kazi hiyo naijua kuliko anavyodhani. Karibu umri wake wote nimefanya kazi uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya mizigo mikubwa, ile isiyoenea kwenye mkanda wa kawaida. Baiskeli, magitaa, vigari vya watoto, na kila ikifika Desemba, ski. Mabegi ya ski yamepita mikononi mwangu mpaka naweza kukuambia mwenyewe ni nani kabla hajafungua mdomo. Mtu wa likizo huliburuta begi lake huku akililalamikia. Mwalimu hulishika katikati, kama mkulima anavyoshika jembe lake, na limebandikwa selotepu kila palipochanika.

Nilipoanza kazi, mabegi hayo yalikuwa marefu kunishinda, na walimu niliowaona walikuwa wanaume watupu, nyuso zimebabuka kwa jua isipokuwa mahali pa miwani. Mmoja wao alipita kwangu kila mwaka. Yeye alikuwa mwepesi wa maneno, mimi mwepesi wa masikio, na foleni ikiwa fupi tulizungumza. Alinieleza kwamba zamani kazi yao ilikuwa rahisi. Mwalimu alisema, "Kunja magoti, nifuate," akateremka mbele kwa madaha, wanafunzi nyuma yake kama vifaranga, na aliyeanguka alijiokota. Aliyejua kuteremka vizuri ndiye aliyehesabiwa mwalimu mzuri, basi.

Miaka ikapita, mabegi yakaanza kufupika. Nilidhani watu wamepata akili ya kupunguza mizigo. Yule bwana akafungua zipu akanionyesha: ski za siku hizi ni pana mbele na nyuma, zimebanwa kiuno, na ukizilaza ubavu kidogo zinakata kona zenyewe. Jambo lililomchukua yeye msimu mzima kujifunza, akasema, mgeni sasa analipata ndani ya wiki. Hapo wakaanza kupita wanawake pia, wengi tu, na helmeti zikining'inia mabegini, ilhali zamani mwalimu kuvaa helmeti ilikuwa aibu. Vikaja vyeti vya ngazi kwa ngazi, kozi za huduma ya kwanza, na uchunguzi wa kipolisi kwa wanaofundisha watoto. Uingereza ilipojitoa Ulaya zikaja viza na vibali, vijana wakawa wanafika kwangu na mafaili kwapani utadhani wanakwenda mahakamani.

Mwaka mmoja yule mwalimu rafiki yangu alifika amenuna.

"Sasa tunaambiwa tuwaulize wanafunzi," akasema. "Unahisi nini mguuni? Umegundua nini? Mimi, kwa umri huu, nimuulize mtoto wa miaka sita anahisi nini!"

Nilimwonea huruma. Hata kwetu, mwalimu anayemuuliza mwanafunzi namna ile tungesema amesahau somo.

Msimu uliofuata alirudi, akaliweka begi juu ya mzani, akabaki ameliegemea. Nikamuuliza kama kuna tatizo. Akaniambia kwamba alimuuliza mtoto mmoja anahisi nini, ili tu kutimiza amri, na mtoto akamjibu kwamba vidole vyake vya miguu vimeng'ang'ania kiatu. Ndani ya kile kiatu kigumu, ambamo jicho la mwalimu haliingii. Basi akamwambia avilegeze, aviache vilale. Mtoto akateremka kama aliyefunguliwa kamba.

"Nimefundisha maisha yangu yote," akaniambia, "na sikujua kwamba woga unakaa vidoleni."

Nilikuwa nabandika lebo kwenye begi lake. Mwili ulinisisimka mpaka nikaibandika kombo. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna watu wanaolipwa kutafuta mahali mtu alipouficha woga wake. Siku nzima nilifanya kazi huku najichunguza vidole ndani ya viatu vyangu vya sare.

Hayo yote sikumwambia binti yangu. Mimi nilisema sawa.

Alianza na vyeti vya chini, akapata kazi ya wikiendi kwenye jumba moja la theluji nje kidogo ya jiji, akaendelea kupanda ngazi. Alikuwa akirudi nyumbani midomo imekauka kwa baridi, na njaa ya mchukuzi wa bandarini, anafuta sufuria la wali. Kisha akafeli. Hakufeli kuteleza. Kuteleza mtahini alimsifu, akasema anateremka kama maji. Alifeli kufundisha. Mtahini alimwambia kwamba anaeleza vizuri, tena vizuri mno, lakini hajui kinachoendelea ndani ya mwanafunzi, kwa sababu akishauliza swali hasubiri jibu.

Shule moja ya milimani huko Austria ilikuwa tayari kumchukua kwa majira ya baridi, na makaratasi yote yalikuwa yamekamilika isipokuwa cheti hicho. Alipewa nafasi moja ya kurudia, mwezi wa kumi, afundishe darasa la watu wanaoanza kabisa mbele ya mtahini yule yule. Akishindwa, Austria ingemchukua mtu mwingine. Nilimsikia chumbani akijifundisha peke yake, anaueleza ukuta namna ya kusimama. Ukuta ulikuwa ukielewa.

"Mama," akaniambia, "nahitaji watu who've never been on skis. Watu wazima. Like, never ever."

"Hao ninao wa kumwaga," nikamjibu.

Tuna umoja wetu wa kina mama, wa bara na wa visiwani, tunaokutana kila mwezi kwenye ukumbi kwa ajili ya misiba, harusi na umbeya. Nikawaeleza. Walinicheka mpaka chai ikapoa, halafu wakakubali. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa bibi mmoja wa Pemba, aliyeingia nchi hii akiwa kijana, anakimbia siasa za kwao, na sasa ana wajukuu wanaomzidi kimo. Wa pili alikuwa nesi wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Wakafuata wengine watatu, nami nikajitia, maana nisingeweza kupeleka watu wakavunjike nikabaki nashika mikoba. Binti yangu akatuombea somo la majaribio wiki moja kabla ya mtihani.

Sijui nilielezeje jumba lile. Kwa nje ni bohari, la bati, kama yale yaliyo karibu na uwanja wa ndege, ila limeinuka upande mmoja. Unapita mkahawa, unapita wanakokodisha viatu, unasukuma mlango mzito, na ndani yake kuna mlima. Mlima mweupe, chini ya paa, taa zimewaka, na theluji yenyewe ni ya kweli, inalia ukiikanyaga. Nje tulikuwa tumeacha watu wamevaa fulana. Nilisimama mlangoni nikasahau kwamba nimeziba njia.

Bibi wa Pemba akasema, "Subhanallah," polepole. Akavua glavu, akainama, akaichota, akaipeleka puani.

"Haina harufu," akaniambia, macho yamemtoka.

Nesi naye akainama akachota, akaijaribu kwa ulimi. Mimi machozi yalinitoka, na mpaka leo naisingizia baridi. Niliona jinsi binadamu walivyo watu wa ajabu, wamelikosa jambo wakalijengea nyumba. Miaka yote hiyo nilikuwa nawapakilia mabegi yao nikiwaona wapuuzi, watu wanaolipia kwenda kupigwa na baridi. Pale mlangoni nilielewa kwamba walikuwa wanakwenda kuona kitu.

Na katikati ya weupe ule nikamwona mwanangu, na koti jekundu la kazi, anatujia. Hakuwa anatembea. Alisukuma mguu mmoja tu, akaja, akasimama mbele yetu bila kishindo. Mtoto huyu nimemwona akijikwaa kwenye zulia la sebuleni tangu ajue kusimama. Nilimtazama nikajiuliza ni wa nani.

"Shikamooni," akasema, na kina mama wakaitikia kwa pamoja. Nikajisikia nimelea.

Tulivalishwa viatu ambavyo nesi alisema hata yeye hajawahi kumfungia mgonjwa plasta nzito namna hiyo. Helmeti zikakaa juu ya mitandio. Kupanda juu kuna mkanda wa mpira unaokubeba ukiwa umesimama, na mimi niliyekuwa nikipandisha mizigo ya watu kwenye mkanda siku hiyo nikapandishwa mwenyewe. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Juu pale mwanangu akaanza kufundisha. Namna ya kusimama ni kutanua visigino na kukaribisha ncha za mbele za ski, na watoto wa hapa huambiwa watengeneze kipande cha piza. Yeye akatutazama, akafikiri.

"Sambusa," akasema. "Sambusa kubwa, unasimama. Sambusa ndogo, unakwenda."

Hilo tulilipenda. Lakini baada ya hapo akaendelea kwa Kiingereza, uzito uwe wapi, goti lielekee wapi, kifundo cha mguu kifanye nini, maneno mazuri yaliyonyooka, na sisi tukitikisa vichwa. Mwishoni akauliza, kama alivyofundishwa, "How does that feel? Mmeelewa?"

"Nishafahamu, mwanangu," akasema bibi.

"Tumeelewa, mwalimu," akasema nesi.

"Miguu inajisikiaje?"

"Vizuri."

"Salama."

"Alhamdulillah."

Akatushukuru, akaturuhusu. Tukaanguka kama magunia yaliyokatika kamba. Nesi alikwenda kinyumenyume huku akituaga. Bibi aliteremka urefu wote amekaa kitako, mikono juu, na chini alipofika akasema amefurahi sana. Mwanangu akatuokota mmoja mmoja, akauliza tena kama tumeelewa, nasi tukajibu tena kwamba tumeelewa, na tukaanguka palepale tulipoangukia mwanzo.

Msitushangae. Kwetu mtu hamwambii mwalimu mbele za watu kwamba hajamwelewa, maana ni sawa na kumwambia hajui kazi yake. Tena mwalimu mwenyewe mtoto wetu, tumembeba mgongoni, tumemlisha uji. Nani angemwaibisha? Kila mmoja alijibu kwa mapenzi, na mapenzi yetu ndiyo yaliyokuwa yanamfelisha.

Kwenye gari, tulipokaribia nyumbani, mwanangu alizima redio.

"They're lying to me, Mama. Kwa upole, but they're lying."

"Hawakudanganyi. Wanakuheshimu."

"Basi heshima itanifelisha."

Nilitaka kumkemea, nikaona mikono yake ilivyoushika usukani, nikaacha.

Siku mbili baadaye dada yangu mkubwa alipiga simu kutoka Tanga. Nilikuwa napika, nikaiweka simu kwenye spika karibu na jiko. Mwanangu alikuwa mezani na vitabu vyake vya kozi.

"Hamjambo huko?" nikauliza.

"Hatujambo."

"Watoto?"

"Wazima kabisa."

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu sana."

"Na mvua?"

"Zimenyesha, tunamshukuru Mungu. Nyinyi je, baridi imeanza?"

Tukaenda hivyo, za majirani, za paa lililokuwa linavuja, za binamu aliyeoa. Kisha dada akanyamaza kidogo, nami nikapunguza moto, maana namjua.

"Lakini shemeji yako kaanguka bafuni," akasema. "Kavunjika nyonga. Tuko hospitali tangu juzi."

Nililia, nikatoa pole, nikaahidi kupiga tena. Nilipokata simu mwanangu alikuwa ananitazama.

"Si alisema hajambo?"

"Alisema."

"But he was in hospital. The whole time alikuwa hospitali."

"Sasa ulitaka aanzeje?" nikafoka, maana nilikuwa na uchungu na sikuwa na wa kumtolea. "Anipige na nyonga usoni kabla sijakaa? Mtu husema nzuri kwanza. Hajakuficha, anakukaribisha."

"So how do you know kuna kitu?"

"Unangoja! Ukiuliza hali ya mtu kwa moyo hukimbii baada ya nzuri ya kwanza. Unauliza za huyu, unauliza za yule, unanyamaza, unampa nafasi. Kama ana lakini yake, itatoka yenyewe. Nyinyi mnauliza how are you huku mmeshageuza mgongo."

Nilitarajia anijibu, maana mtoto huyu ana jibu la kila kitu, na mara nyingi humalizia hata sentensi zangu. Safari hii alifunga kitabu, akaja akanikumbatia nikiwa na mwiko mkononi, akauliza kama anaweza kunisaidia kupika.

Siku ya mtihani mtahini alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amesimama kando ya theluji mikono nyuma. Binti yangu alimwendea akamwambia kwamba leo angefundisha kwa lugha ya wanafunzi wake. Nilidhani atakataliwa. Yule mama akainua mabega.

"Mimi nitaangalia miguu yao," akasema.

Tukapanda juu. Mwanangu hakuanza na maelezo. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi wa Pemba, akasimama chini yake kidogo ili asimzidi urefu, na akaanza kusema Kiswahili. Kiswahili chake ni cha kuchechemea, kila neno analipima kabla hajalikanyaga, kwani tangu ajue kusema nimemuuliza kwa Kiswahili akanijibu nusu Kiingereza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akikisema kitupu, bila Kiingereza, mbele za watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Salama."

"Za wajukuu?"

"Wazima, wakusalimu."

"Habari za magoti?"

Bibi akacheka. Sote tukacheka. "Nzuri," akajibu.

"Za visigino?"

"Nzuri."

"Na za vidole vya miguu?"

"Nzuri, mwanangu."

Mwanangu hakusema kitu. Alisimama pale, uso umetulia, akangoja. Nilisikia mitambo ya baridi ikinguruma darini. Nilitamani nimsaidie, nimwambie bibi aseme, na nikajua kwamba nikifungua mdomo nimemharibia. Kimya kikaendelea mpaka mtahini akainua kichwa kutazama kulikoni.

"Lakini," akasema bibi, kwa sauti ndogo, "hivi vidole nimevikunja hata vyauma. Nahisi nikiviachia nitakwenda, wala sitajua pa kusimama."

Mwili ulinisisimka kama siku ile kwenye kaunta. Hadithi ya yule mwalimu wa mabegi marefu sikuwahi kumsimulia mwanangu, na hapa ilikuwa imefika mbele yangu kwa miguu yake, katika kiatu cha bibi wa Pemba. Mzee yule alihitaji kufundisha maisha yake yote ili aisikie. Mwanangu aliisikia kwa kunyamaza.

Akapiga magoti kwenye theluji, akalegeza kifungo cha kiatu. "Viache vilale, bibi. Nipo mimi hapa. Sambusa kubwa, hutakwenda mpaka utake." Akamwendea nesi. Nesi naye aliulizwa za kazini, za mama yake Bukoba, za kiuno, na baada ya nzuri nyingi lakini yake ikatoka: mgonjwa alimwangukia wodini miaka iliyopita, mguu wa kushoto hauamini tena, basi kila akianza kuteleza hukaa nyuma ili asiutegemee. Mwanangu akamwambia ainame mbele kidogo, kama anachungulia ukuta wa jirani. Nesi akasema hiyo kazi anaiweza. Akaenda kwa wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja na salamu zake kamili, hakumpunja mtu hata moja. Nilikuwa namtazama na sikuamini kwamba ni yule aliyekuwa akiueleza ukuta.

Kisha bibi wa Pemba akasema Bismillah, akateremka. Aliteremka amesimama, mtandio unapepea chini ya helmeti, sambusa yake kubwa imetulia, polepole, mpaka chini, na chini akasimama mwenyewe. Aligeuka akatutazama kule juu. Nesi akapiga vigelegele, sote tukapokea, vikagonga bati la paa vikarudi, na watoto waliokuwa wakiteleza upande wa pili wakasimama wote kutazama kuna harusi gani. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa umri wa kuona siku hiyo.

Wakateremka wote, mmoja mmoja. Walioanguka waliinuka wakisema ni nini kilichowaangusha. Saa ya mtihani ilipokwisha nilikuwa nimebaki mimi tu juu, mwalimu aliniacha wa mwisho na muda haukutosha. Nikawaona chini mtahini anavua glavu, anampa mwanangu mkono, anaongea naye. Baadaye mwanangu alinieleza maneno yake. Alimwambia, sijui uliwauliza nini, lakini kwa kila mmoja niliona pale alipokuambia ukweli, nikaona na miguu yake ikibadilika. Alimwambia amefaulu.

Wengine wakaenda kunywa chai. Mwanangu akapanda na mkanda mpaka juu, akaja akasimama chini yangu kidogo, kama alivyofanya kwa bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hongera, mwanangu."

"Habari za magoti?"

"Nzuri."

"Za visigino?"

"Nzuri."

"Habari za mimi kwenda Austria?"

"Nzuri," nikasema. "Sawa tu. Maisha ni yako."

Hakujibu. Hakugeuka. Alisimama kwenye theluji ile, uso umetulia, akangoja, na mimi nikatazama paa, nikatazama taa, nikatazama watoto wa watu wakiteleza, na yeye akaendelea kungoja.

"Lakini nyumba itakuwa kimya," nikasema. "Nitampikia nani wali? Naogopa, mwanangu. Naogopa tangu siku ile ya vitunguu."

"Najua, mama," akasema, kwa Kiswahili. "Nilikuwa nakungoja."

Akanishika mikono yote miwili, akaanza kurudi nyuma taratibu, ananitazama.

"Sasa legeza vidole."

Nikavilegeza.